Nambari ya toleo si pambo: Jinsi watengeneza programu wa Lubumbashi wanavyoweza kuiachia kompyuta kazi hiyo

LUBUMBASHI, Haut-Katanga – Kila programu ya kompyuta ina nambari ambayo watumiaji wengi hawaiangalii mpaka siku mambo yanapokwama: 1.4.2, 2.0.0, 3.11.7. Duka la Likasi likipiga simu kusema kwamba mashine imekataa kutoa ankara, swali la kwanza la fundi aliyeko Lubumbashi ni moja: mnatumia toleo gani?

Jibu likiwa "lile la juzi", fundi hana pa kuanzia. Hata jibu likiwa nambari kamili, bado inategemea aliyeiandika alikuwa na maana gani. Katika timu ndogo, mara nyingi nambari hiyo huwekwa kwa mkono, mwishoni mwa kazi, na mtu aliyechoka ambaye anakadiria tu.

Kipo chombo cha bure kinachoondoa makadirio hayo. Kinaitwa semantic-release, na huendeshwa kwa kuandika amri kwenye terminali, bila madirisha wala vitufe. Husoma kumbukumbu za kazi ya timu, huamua chenyewe nambari inayofuata, huandika orodha ya mabadiliko na kulitoa toleo jipya. Kukifunga ni kazi ya saa chache. Kilicho kigumu ni nidhamu ambayo chombo hicho kinaidai kwa kila anayegusa msimbo.

Nambari tatu, ahadi tatu

Utaratibu ambao chombo hiki hufuata unaitwa Semantic Versioning, kwa kifupi SemVer. Uliandikwa na Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, na toleo lake la 2.0.0, ambalo ndilo linalotumika hadi leo, lilitoka mwaka 2013. Utaratibu huo unaigawa nambari katika sehemu tatu zinazotenganishwa kwa nukta, na kila sehemu ni ahadi kwa anayeitumia programu.

Chukua mfano wa maktaba ya msimbo inayokokotoa ankara za maduka ya Lubumbashi, mji ambako bei hutajwa kwa faranga na kwa dola ndani ya mazungumzo yale yale. Tuseme maktaba hiyo iko kwenye toleo 1.4.2.

Mtengenezaji akigundua kwamba kodi ya TVA ya asilimia 16 inakaribishwa vibaya kwenye tarakimu za mwisho, naye akasahihisha, toleo linakuwa 1.4.3. Sehemu ya mwisho imepanda. Ahadi yake ni hii: kosa limeondolewa, na hakuna kingine kilichoguswa.

Akiongeza uwezo wa kuonyesha jumla ya ankara kwa sarafu zote mbili, huku waliozoea faranga pekee wakiendelea kama zamani, toleo linakuwa 1.5.0. Sehemu ya kati imepanda, na ya mwisho imerudi sifuri. Hapa ahadi ni kwamba kuna kipya, lakini cha zamani bado kinafanya kazi.

Akibadilisha maana ya sehemu iitwayo "bei", ambayo daima ilikuwa faranga na sasa inasomwa kuwa dola isipotajwa sarafu, toleo linapaswa kuwa 2.0.0. Sehemu ya kwanza imepanda, na ujumbe wake ni onyo: usichukue toleo hili kabla ya kurekebisha programu yako. Duka lisilopata onyo hilo litaendelea kutuma 28000 likimaanisha faranga, na mteja atapewa ankara ya dola 28,000. Kompyuta haitalalamika, kwa sababu kwake hiyo ni hesabu sahihi.

Nambari hizo husomwa na mashine pia. Mradi unaotumia npm, soko kuu la maktaba za JavaScript, ukiandika "^1.4.2", maana yake ni kwamba unakubali toleo lolote kuanzia 1.4.2 mpaka kabla ya 2.0.0. Kwa hiyo badiliko la sarafu likitolewa kwa jina la 1.4.3 badala ya 2.0.0, linaweza kuingia ndani ya programu za wengine bila mtu yeyote kuulizwa.

Kuna mtego mwingine mdogo. Wengi hudhani 1.10.0 ni ya zamani kuliko 1.9.0, kwa kuwa katika desimali 1,10 ni ndogo kuliko 1,9. Nukta za SemVer si za desimali. Baada ya 9 inakuja 10, kisha 11, kama namba za nyumba katika barabara.

Umbali una gharama zake

Lubumbashi ni mji wa pili kwa ukubwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Una Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, na una École Supérieure d'Informatique Salama, ambayo wakazi huijua kwa jina la ESIS. Kijana anayetoka katika shule kama hizo na kuanza kuuza programu za maduka, shule au zahanati hatafuti wateja mjini pekee. Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, iko takriban kilomita 90. Likasi iko kama kilomita 120, na Kolwezi, katika jimbo jirani la Lualaba, iko karibu kilomita 300.

Kwa mteja wa umbali huo, sasisho moja lenye kasoro si jambo la kubonyeza kitufe na kurudi nyuma. Kupakua toleo jipya kunakula mega ambazo amezinunua kwa pesa yake. Umeme ukikatika katikati, kazi inaanza upya. Programu ikigoma, fundi analazimika kupanda gari, na duka linaandika ankara kwa kalamu mpaka afike. Hapo ndipo mteja anapoanza kuogopa kusasisha kabisa, hata pale toleo jipya linapoziba tundu la usalama.

Katika afya uzito ni mkubwa zaidi. Mfano wa karibu ni BHIMA, programu huria ya uhasibu na usimamizi iliyotengenezwa kwa ajili ya hospitali za vijijini barani Afrika. Watengenezaji wake wanajitambulisha kuwa timu ya kimataifa yenye makao Kongo. Msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, umejengwa juu ya Node.js, na matoleo yake hutajwa kwa nambari za sehemu tatu. Kumbukumbu za mabadiliko yake huandikwa kwa mtindo ule ule ambao vyombo kama semantic-release husoma: kwanza aina ya badiliko, kisha eneo lililoguswa, kisha maelezo.

Aidha, mfumo wa taifa wa taarifa za afya unatumia DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway. Nyuma ya stoo ya dawa na ripoti ya mwezi kuna nambari ya toleo ambayo lazima mtu fulani aiamini.

Mkono unakosea wapi

Nambari inayoandikwa kwa mkono huharibika kwa njia zinazojulikana. Ya kwanza ni kusahau: msimbo umebadilika, nambari imebaki ile ile, na maduka mawili yanasema yana 1.4.2 huku yana programu mbili tofauti. Ya pili ni woga. Kupandisha sehemu ya kwanza ni kukiri kwamba umewavunjia watu kazi, hivyo badiliko kubwa hufichwa ndani ya nambari ndogo. Ya tatu ni biashara: mteja amelipia "toleo la 2", basi anapewa 2.0.0 hata kama kilichobadilika ni rangi ya vitufe.

Tukio la Log4j lilionyesha thamani ya nambari inayosema kweli. Desemba 2021 iligunduliwa hatari kubwa katika maktaba hiyo ya Java inayotumika duniani kote. Marekebisho yalitoka katika 2.15.0, kisha ikaonekana hayatoshi. Zikafuata 2.16.0, 2.17.0 na 2.17.1, zote ndani ya mwezi huo mmoja. Mafundi wa benki, kampuni za simu na serikali hawakuwa na haja ya hotuba. Walihitaji kujua kama seva zao zina 2.14.1 au 2.17.1, na nambari hiyo ndiyo iliyowaambia kama wamepona.

Kukifunga chombo, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kazi yote iko ndani ya Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo uliobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005, na kwamba kuna tawi moja kuu, ambalo kwa kawaida huitwa main, ambalo ndilo linalotoa matoleo. Kila badiliko linalohifadhiwa ndani ya Git huitwa komiti, na kila komiti ina ujumbe mfupi wa aliyeiandika.

Kabla ya kwenda mbele, timu iangalie tagi zake, yaani vibandiko vinavyoonyesha ni komiti ipi iliyokuwa toleo lipi. Kama tagi ya mwisho ni v1.4.2, chombo kitaendelea kutoka hapo. Kama hakuna tagi kabisa, toleo la kwanza litakuwa 1.0.0. Timu iliyozoea kuandika "1.4.2" bila herufi v mwanzoni inapaswa kukieleza chombo hivyo katika mipangilio. Isipofanya hivyo, chombo hakitaona matoleo ya zamani, na programu ya miaka mitatu itaanza tena kuhesabiwa kama mtoto mchanga.

Hatua ya pili ni kuweka Node.js ya karibuni, kisha kuandika amri hii ndani ya folda ya mradi:

npm install --save-dev semantic-release

Si lazima mradi wenyewe uwe wa JavaScript. Kinachosomwa ni historia ya Git, kwa hiyo hata programu ya PHP inaweza kuhudumiwa. Wanaotumia Python wana chombo chao cha jamii hiyo, python-semantic-release.

Hatua ya tatu ni faili ya mipangilio iitwayo .releaserc. Ndani yake hutajwa tawi linalotoa matoleo na viongezi vitakavyotumika. Bila maelekezo mengine, chombo huja na vinne: kimoja huchambua komiti, cha pili huandika maelezo ya toleo, cha tatu hushughulikia npm na cha nne huchapisha toleo kwenye GitHub. Anayetaka orodha ya mabadiliko ihifadhiwe pia ndani ya faili ya mradi huongeza kiongezi cha kazi hiyo.

Hapa panahitaji uangalifu. Kiongezi cha npm kipo ili kuchapisha msimbo kwenye soko la wazi. Programu ya mteja ambayo ni mali yake haipaswi kufika huko. Dawa ni kukiondoa kiongezi hicho au kuandika "private": true katika faili ya package.json, ambapo nambari itasasishwa bila kitu kuchapishwa npm.

Hatua ya nne ni kujaribu bila kutoa chochote:

npx semantic-release --dry-run

Terminali itaonyesha toleo la mwisho lililopatikana, komiti zilizosomwa tangu hapo, nambari inayopendekezwa na maelezo yatakayoandikwa. Hakuna tagi itakayowekwa. Kwa kweli, chombo kikiendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida, chenyewe huingia katika hali hii ya majaribio, kwa sababu kimekusudiwa kutoa matoleo kikiwa kwenye seva.

Hatua ya tano basi ni seva. Wengi hutumia GitHub Actions, huduma inayoendesha kazi kila msimbo mpya unapoingia katika tawi kuu. Mpangilio sahihi ni huu: vipimo vya programu kwanza, na semantic-release baadaye, ikiwa tu vipimo vyote vimefaulu. Seva lazima iambiwe ichukue historia nzima ya Git, kwa kuandika fetch-depth: 0, kwa kuwa kawaida yake ni kuchukua komiti ya mwisho tu, na chombo kisichoiona historia hakiwezi kuhesabu. Seva pia hupewa tokeni, yaani ufunguo unaoiruhusu kuandika tagi na toleo katika hazina ya mradi.

Kwa miradi iliyo wazi huduma hiyo ni bure. Kwa miradi ya faragha, akaunti ya bure hupata dakika 2,000 kwa mwezi, ambazo kwa timu ya watu watatu au wanne ni nyingi.

Faida yake kwa Lubumbashi inaonekana mara moja. Kazi nzito ya kupakua maktaba, kuendesha vipimo na kuchapisha hufanyika kwenye mashine iliyo mbali. Mtengenezaji anatuma komiti yake, ambayo ni nyepesi, na umeme ukikatika dakika inayofuata katika komini yake, toleo linaendelea kutoka.

Neno moja mwanzoni mwa ujumbe

Kompyuta inajuaje kama badiliko ni dogo au kubwa? Haijui. Inaambiwa. Chombo husoma mwanzo wa ujumbe wa kila komiti kwa kufuata mtindo uliotokana na desturi ya timu ya Angular, ambao baadaye ukaandikwa rasmi kwa jina la Conventional Commits na kufikia toleo lake la 1.0.0 mwaka 2019.

Maneno yanayohitajika ni machache. Neno fix lina maana ya kosa lililosahihishwa, na hupandisha sehemu ya mwisho. Neno feat lina maana ya uwezo mpya, na hupandisha sehemu ya kati. Maneno BREAKING CHANGE, kwa herufi kubwa chini ya ujumbe, hupandisha sehemu ya kwanza. Aina nyingine kama docs, kwa maandishi ya maelezo, au chore, kwa usafi wa kawaida, hazitoi toleo lolote.

Maneno hayo ni ya lazima kwa sababu ndiyo yanayosomwa na mashine. Yanayofuata husomwa na watu, na yanaweza kuwa kwa Kifaransa au Kiswahili. Mabadiliko ya ankara yaliyotajwa hapo juu yangeandikwa hivi:

fix(ankara): sahihisha ukaribishaji wa TVA

feat(ankara): onyesha jumla kwa dola na faranga

Na la tatu:

feat(ankara): badilisha maana ya bei

BREAKING CHANGE: bei isiyotajiwa sarafu sasa inasomwa kuwa dola

Komiti nyingi zikiingia pamoja, ile yenye uzito mkubwa ndiyo inayoamua. Masahihisho matano na uwezo mpya mmoja huzaa toleo moja tu, na sehemu ya kati hupanda mara moja.

Timu inayohofia kusahau inaweza kuongeza commitlint, chombo kinachokataa ujumbe usiofuata mtindo kabla haujaondoka kwenye kompyuta ya mtengenezaji. Njia nyingine ni kuzikunja komiti zote za kazi moja kuwa komiti moja wakati wa kuunganisha na tawi kuu. Hapo anayehitaji kuandika kwa usahihi ni yule anayeidhinisha kazi, na wanaojifunza hawalazimiki kuwa wakamilifu tangu siku ya kwanza.

Jambo moja linabaki kwa binadamu: kuzungumza na mteja. Orodha ya mabadiliko inayotokana na komiti inawafaa mafundi. Mwenye duka la dawa hahitaji kusoma neno feat. Anahitaji sentensi mbili kwa lugha yake zinazomwambia nini kimebadilika kwenye kioo chake na kama atasimamisha mauzo wakati wa kusasisha.

Mashine haisomi nia

Udhaifu mkubwa wa utaratibu huu ni kwamba chombo husoma ujumbe na hakisomi msimbo. Mtu akibadilisha maana ya bei na kuandika fix, chombo kitatoa 1.4.3 bila kusita, kwa haraka kuliko mkono wowote, na kukituma kwa wote. Uongo ulioandikwa vizuri utapokelewa kama ukweli.

Dunia imeshaona nambari ndogo ikibeba madhara makubwa. Januari 2022, Marak Squires, mwandishi wa maktaba ya colors iliyokuwa ikipakuliwa zaidi ya mara milioni 20 kwa wiki kutoka npm, aliiharibu kwa makusudi kazi yake mwenyewe. Toleo 1.4.1, ambalo kwa nambari yake liliahidi sahihisho dogo, lilikuwa na mzunguko usioisha uliojaza terminali herufi zisizo na maana. Miradi iliyokuwa imeruhusu masasisho madogo yaingie yenyewe ililipokea.

Ndiyo maana vipimo haviwezi kuachwa. Kipimo kimoja kinachotuma bei ya 28000 na kudai ankara irudi ikiwa ya faranga kingelizuia badiliko la sarafu, hata kama ujumbe ulisema fix. Kipimo kikianguka, seva inasimama na chombo hakiitwi. Timu isiyo na vipimo inayofunga semantic-release imeharakisha utoaji wa makosa yake.

Hatari nyingine ni ile tokeni. Anayeishika anaweza kuchapisha toleo kwa jina la timu. Septemba 2025, programu hasidi iliyoitwa Shai-Hulud ilisambaa ndani ya npm kwa njia hiyo hiyo: iliiba funguo za watengenezaji, ikachapisha matoleo mapya yenye sumu ya maktaba zao, na kuendelea kwa wengine. Matoleo hayo yalikuwa na nambari za kawaida kabisa. Tokeni basi haiandikwi ndani ya msimbo, haitumwi kwa WhatsApp, na hupewa ruhusa ya mradi mmoja na kazi moja tu. Hukaa katika sehemu ya siri ya seva, na hufutwa mtu anapoondoka kwenye timu.

Si kila mradi unakihitaji

Kwa programu moja ya mteja mmoja, ambayo hakuna msimbo mwingine unaoitegemea, SemVer inaweza kuwa mzigo. Nambari ya tarehe inatosha. Ubuntu hufanya hivyo: 24.04 ni toleo la Aprili 2024, na kila mtu huelewa ni la lini. SemVer inaanza kulipa pale msimbo mmoja unapotumiwa na miradi miwili au zaidi, au mteja anapokuwa na fundi wake anayeunganisha programu hiyo na nyingine.

Timu inayoona vibaya kuiachia mashine uamuzi wote ina njia ya katikati. Release-please, chombo kilichotoka Google, husoma komiti kwa mtindo huo huo lakini hakitoi toleo papo hapo. Hufungua ombi lenye nambari inayopendekezwa na orodha ya mabadiliko, kisha husubiri mtu asome na kuidhinisha. Kwa programu ya hospitali au ya pesa, dakika tano za macho ya binadamu si nyingi.

Kwa vyovyote vile, mwanzo usio na gharama ni wiki mbili za majaribio. Timu inaandika komiti zake kwa mtindo mpya, inaendelea kuweka nambari kwa mkono kama ilivyozoea, na kila Ijumaa inaendesha amri ya --dry-run na kulinganisha. Pale nambari ya mkono na ya mashine zinapotofautiana, mmoja kati ya wawili amekosea: aliyeandika ujumbe au aliyechagua nambari. Kikao cha kujua ni yupi kitaifundisha timu zaidi kuliko faili yoyote ya mipangilio, na kitafanyika kabla ya duka lolote la Likasi au Kolwezi kupokea ankara ya sarafu isiyo yake.